Simu ya Hooyo Imejaa

Simu ya mama yangu ilikuwa kuukuu kuliko ndoa yangu, na tofauti na ndoa yangu, hakuna aliyethubutu kushauri iachwe. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni, betri imevimba mpaka kifuniko cha nyuma kikafungwa kwa mpira. Idi iliyopita nilimpelekea mpya. Akaipokea, akaniombea dua ndefu, kisha akaifungia sandukuni pamoja na manukato na vitambaa ambavyo havijawahi kuvaliwa. Ile ya zamani alinunuliwa na Yahye, mdogo wangu, kwa mshahara wake wa kwanza alipokuwa akipakua magunia ya chakula katika kambi ya wakimbizi ya Ifo. Mjadala ukaishia hapo.

Namwita Hooyo, yaani mama, naye huniita mimi hooyo vilevile. Ndivyo tulivyo Wasomali. Hooyo hajui kusoma. Watu walio ndani ya simu anawajua kwa picha zao, na mambo yao anayajua kwa sauti. Na si yeye peke yake. Huku kwetu hata waliosoma hawaandiki. Mtu yuko Wajir atakutumia sauti ndefu ya kukuuliza kama umeamka salama, aanze na hali ya watoto, aende kwa ngamia, apitie mvua, na mwisho akuambie hana neno, alikuwa anasalimu tu.

Halafu kuna kundi la ukoo. Sijui ni shetani gani aliyewaonyesha wazee wetu jinsi ya kuunda kundi kwenye WhatsApp, lakini alifanya kazi yake vizuri. Mamia ya watu wamo humo, kutoka Mandera mpaka Minnesota. Kila Ijumaa kila mmoja anatuma ua lililoandikwa Ijumaa njema, na wote wanatuma ua lile lile. Mawaidha, Yasin iliyosomwa na shehe wa Makka, Yasin ileile tena kutoka kwa shangazi aliyechelewa kuamka, video ya mawingu ya mvua, video ya ngamia aliyezaa, video ya mjumbe wa bunge akikata utepe wa kisima. Vyote vinaingia kwenye simu ya Hooyo vyenyewe bila kubisha hodi, na hakuna hata kimoja kilichowahi kutoka.

Yahye aliondoka mwaka juzi bila kuaga. Tahriib, ile safari ya kuvuka jangwa kwa siri hadi Libya, kisha bahari, kisha Ulaya kwa aliyebahatika. Nilipojua nilimtukana mpaka nikakauka mate. Kijana ana kazi, ana mama, ana miguu miwili mizima, anaipeleka jangwani kutafuta nini? Hata leo nikikumbuka, hasira hunipanda. Lakini njiani alikuwa akimtumia Hooyo sauti. Kutoka Juba, kutoka Khartoum, kutoka mahali ambapo hakupataja. Mimi aliniandikia, kwa kuwa mimi nilipelekwa shule. Yeye alimsemesha. Baada ya sala ya alfajiri ungemkuta Hooyo ameketi mkekani, simu imeingizwa ndani ya shungi, sikioni, anatabasamu na ukuta.

Kisha sauti zikakatika. Hooyo akaendelea kuzisikiliza zile za zamani, kwa mpango wake mwenyewe, leo za Juba, kesho za Ifo.

Siku moja, jua limeshakolea, nikamwona anakuja kwenye kibanda changu cha nguo pale sokoni Suuq Mugdi, Garissa. Hooyo hatembei mchana. Ameishika simu kwa mikono miwili, kama anayebeba kikombe kilichojaa.

"Yahye amesema," akaniambia. "Fungua."

Nikaitazama. Kweli, picha ya Yahye, na chini yake ujumbe wa sauti mrefu. Lakini pembeni ya ujumbe kulikuwa na kale kamshale kadogo ka kuonyesha kwamba haujashuka. Nikabonyeza. Simu ikafikiri. Ikaniletea maandishi kwamba nafasi imejaa, nifute vitu kwanza. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, kana kwamba nguvu ingesaidia. Maandishi yaleyale.

"Anasema nini?" akauliza Hooyo.

"Simu imejaa. Sauti ipo mlangoni, haina pa kuingia."

"Basi mfungulie."

Nilijaribu kuupeleka ujumbe ule kwenye simu yangu, ukagoma, kwani kisichoshuka hakitumwi. Nilimwandikia Yahye autume upya kwangu. Tiki moja. Nikampigia, haipatikani. Ndipo nikagundua ujumbe wenyewe ulikuwa umekaa pale siku kadhaa, umefukiwa chini ya maua ya Ijumaa. Nikafunga kibanda.

Fundi wetu ni Morris, Mkamba wa Mwingi ambaye amekaa Garissa mpaka anakasirika Kisomali. Ana kibanda karibu na stendi, chenye feni moja inayompulizia yeye peke yake. Nilipomweleza, akanyoosha mkono apewe simu. Hooyo akairudisha kifuani.

"Wewe Moris usishike," akasema kwa Kiswahili chake. "Hii simu iko na bicha ya watoto yangu ndani. Ya harusi. Bila buibui. Wewe kaa hapo, wewe sema tu. Binti yangu nafinya."

"Mama, mimi sitaangalia picha."

"Jicho haina mlango."

Morris akanitazama. Mimi nikatazama feni. Picha zenyewe nyingi zilikuwa zangu, nimevaa diraa jepesi, nywele nje, nacheza na mashoga zangu siku niliyoolewa. Sikutamani hata kidogo Morris awe nazo, hata angekuwa malaika. Basi akavuta kiti mbali, akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, akaanza kutoa maagizo.

"Nenda kwa settings. Sasa storage. Inasema nini?"

Nikamsomea. Simu ilikuwa ndogo tangu ilipozaliwa, haina hata pa kutia kadi ya kuongeza nafasi, na nusu ya nafasi ilikaliwa na simu yenyewe. Programu zisizo na kazi tukaziondoa: mchezo wa kupanga peremende ambao wajukuu waliuweka, redio, mbili nyingine zisizojulikana zilifikaje. Tukamwaga uchafu uliojificha, ule ambao Morris aliuita kumbukumbu za muda. Nafasi ikaongezeka kidogo. Kisha akaniambia nifute video za kundi, nami nikafuta kwa raha ambayo hata haifai kuelezwa. Ngamia akaenda, mawingu yakaenda, mjumbe aliyekata utepe wa kisima akaenda na utepe wake.

"Sasa imepata pumzi," akasema Morris. "Rudi WhatsApp, bonyeza sauti ya kijana."

Nikarudi. Lakini kumbe kundi la ukoo lilikuwa limesubiri hapo hapo mlangoni. Nafasi ilipopatikana tu, yale yaliyorundikana wiki nzima yakaingia kwa pamoja, yanapigana vikumbo, mawaidha, maua, Yasin, Yasin. Kabla kidole changu hakijafika kwa Yahye, simu ilikuwa imejaa tena. Nikapiga meza mpaka bisibisi za Morris zikaruka.

"Zima kudaunlodi automatic!" akapiga kelele Morris, amesahau kukaa mbali. "Ama mtoe kwa hiyo grupu."

Nikamtafsiria Hooyo.

"Nitoke kwenye ukoo?" akauliza, amenitolea macho. "Nikifa nizikwe na nani, na Morris?"

Tukazima kushuka kwa vitu bila ruhusa. Kundi likanyamaza. Maua nikayafuta tena, lakini nafasi ilikuwa imeshamezwa na Yasin mpya, na Morris akatuonyesha, kwa kidole cha mbali, kilichobaki. Mafungu mawili tu ndiyo yaliyokuwa makubwa. La kwanza, Kurani na mawaidha, miaka yote, sura moja mara kumi na zaidi. La pili, Yahye: sauti zake zote na video zake fupi za barabarani.

"Kurani zimejirudia, mama," akasema Morris polepole, maana alijua anakanyaga wapi. "Binti achague moja-moja abaki nazo. Zingine afute."

Nikachagua. Zikapata alama za kijani. Chini ya kioo kikatokea kile kichoro cha kufutia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hooyo hajui herufi, lakini anajua kusoma picha kuliko mimi.

"Hiyo ni nini?"

"Ya kufutia."

"Hiyo ni biba," akasema kwa Kiswahili, amemgeukia Morris ashuhudie. "Biba ya taka! Wewe naambia binti yangu natia Yasin kwa biba ya taka?"

Nilijaribu. Mungu ni shahidi wangu nilijaribu. Nikamwambia ni picha tu. Akaniuliza kama hata karatasi ya Kurani ikichanika tunaitupa jaani. Nikasema hatutupi, tunaichoma au tunaizika. Akasema basi, ichome au uizike, lakini pipani haiendi, si kwa mkono wa binti yake, si siku ambayo anamwomba Mungu amwonyeshe mwanawe. Nikasema tumtafute Maalim wa chuo cha Kurani, tumuulize. Maalim alikuwa amekwenda Dadaab kwenye msiba na simu yake haikupatikana. Nikamwambia tungoje arudi.

"Fundi, hii sauti itangoja?" nikamuuliza Morris.

Alijikuna kidevu. "Haingoji milele. Ikikaa sana bila kushuka, hutapata kitu. Lini, siwezi kukuapia."

Nikajaribu kuzituma kwangu zile sauti za zamani za Yahye ili zipishe, lakini simu iliyojaa ikagoma hata kutuma, ndipo Morris akatoa njia nyingine. Tuingize waya, sauti za Yahye zote ziingie kwenye kompyuta yake kwanza, kisha tufute simu, kisha azirudishe. Hooyo alipoelewa kwamba waya hauchagui, kwamba unavuta na picha za mabinti pia, akakataa, na hata kuhamia kwenye ile simu mpya ya sandukuni kulitaka waya uleule. Nami, niseme tu wazi, sikubisha. Nilidhani kuna njia nyingine. Siku zote mtu hudhani kuna njia nyingine.

Hooyo akaketi kwenye benchi. Akaniomba nimwekee sauti moja ya Yahye, yoyote. Nikaweka. Ilikuwa ya Ifo, ya siku mvua ilipoharibu barabara, malori ya maji yakakwama, naye anaeleza jinsi dereva wa Kimeru alivyotumbukia matopeni na viatu vyake vipya. Hooyo akasikiliza mpaka mwisho. Morris naye akazima feni ili isipige kelele, ingawa Kisomali chake kilikuwa cha kugombania tu.

"Futa za Yahye," akasema Hooyo.

"Hooyo!"

"Maneno ya mwanadamu ni ya mwanadamu. Hayo nimeshayasikia, ninayo hapa." Akajigusa kifuani. "Hili jipya sijalisikia. Anasema nami sasa, nimwambie ngoja, nimekaa na maneno yako ya mwaka juzi? Yuko hai, atasema mengine mpaka simu ijae tena. Futa, hooyo."

Niliona ana haki. Ndilo linaloniuma, kwamba niliona ana haki. Mtoto yuko hai na anaita, nani huchagua picha yake ukutani akamwacha mlangoni? Nikaweka alama za kijani kwenye sauti za Yahye na video zake, zote, ilikuwa rahisi, unagusa mahali pamoja zinaitika zote. Kidole changu kikasita. Hooyo akakishika kidole changu kwa mkono wake, akakishusha mwenyewe.

Nafasi haikufunguka. Morris akasema vitu vikifutwa hukaa kwanza pipani, lazima pipa nalo limwagwe. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, maana likishamwagwa, maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwaga.

Simu ikapumua. Nikabonyeza kamshale, kakazunguka, kakazunguka, kakageuka kuwa alama ya kuchezea. Hooyo akasema Bismillahi, akainyakua, akaitia ndani ya shungi, sikioni. Mimi nikainama karibu ili nami nisikie.

"Asalaam aleikum, hooyo," ikasema sauti. Haikuwa ya Yahye.

"Mimi naitwa Hamse. Mama yangu yuko Ifo. Nilikuwa na Yahye kuanzia Khartoum. Simu hii ni yake, niliificha, leo nimepata moto wa kuichaji. Hooyo, alinipa amana. Alisema nisikuandikie, kwa sababu utasomewa na mtu mwingine, na yeye hakutaka mtu mwingine alijue kabla yako. Alisema nikusemeshe. Nisamehe, sijui kusema."

Kisha akasema. Alisema kuhusu ghala walilofungiwa, na homa, na jinsi hakukuwa na maji ya kutosha ya kumwoshea, wakamtayamamu kwa mchanga. Walimsalia wakiwa safu mbili. Aliyasema yote taratibu, kijana wa watu, akisimama kila mara kumeza mate, na kwa nyuma yake kulikuwa na mtu anakohoa. Mwisho akasema, "Alikuwa anakutaja," na sauti ikakatika.

Hooyo hakulia pale. Aliitoa simu sikioni, akaitazama picha ya Yahye, akasema innaa lillahi wa innaa ilayhi rajiuun. Kisha akasema, "Morris, washa feni yako, utaugua." Tukaondoka. Morris alitusindikiza mpaka barabarani bila kofia, na hakutaka kulipwa.

Msiba ukakaa nyumbani kwetu. Wanawake walijaa uani, chai ikachemka tangu asubuhi mpaka jioni. Watu wa ukoo wakaomba angalau wasikie sauti ya marehemu, kama ilivyo kawaida sasa, mtu akifa sauti zake huzungushwa na watu wakamlilia kwa maneno yake mwenyewe. Kila mmoja akatazama simu yake. Hakuna aliyekuwa nayo. Alikuwa akiwaandikia vijana wenzake, alikuwa akiniandikia mimi, tuliosoma. Kusema alimsemesha mtu mmoja tu. Nilirudi kwa Morris na simu, safari hii nikamkabidhi mkononi, picha na harusi na nywele na yote, nikamwambia aingize waya wowote anaoutaka. Alishinda nayo kutwa nzima. Akanirudishia akiangalia chini.

Maalim alipofika kutoka Dadaab alikuja kumpa Hooyo pole. Nilitamani Hooyo asiulize. Aliuliza, kupitia pazia, kwa sauti tulivu kabisa: je, ni dhambi kufuta Kurani kwenye simu?

"Hapana, mama," akasema Maalim. "Simu si msahafu. Unafuta tu, kama mtoto chuoni anavyoosha ubao wake wa mbao ili aandike aya nyingine. Hakuna dhambi yoyote."

Hooyo akamshukuru. Nilimchukia Maalim kwa wepesi wa jibu lake. Nilimchukia na Morris kwa waya wake, na ukoo mzima kwa maua yao, na Yahye kuliko wote. Wanawake wakaanza kuzungumza mambo mengine, kama wanavyofanya watu panapokuwa na jambo zito mno.

Baadaye Hooyo akaniita niketi karibu naye mkekani.

"Wewe alikuandikia," akasema. "Nisomee."

Nikafungua simu yangu. Nikaanza kumsomea maneno ya mdogo wangu, moja baada ya jingine. Kwamba Khartoum chai yao ni chungu. Kwamba nimwambie Hooyo amekula, hata kama hajala. Kwamba mume wangu akinitesa niseme, atarudi ampige, na kama mimi ndiye ninayemtesa, anampa pole. Hooyo alisikiliza amefumba macho, uso umekaza, kama anayesikiliza mtu anayeongea nyuma ya ukuta mnene.

"Hapo alicheka?" akauliza.

"Ameweka uso wa kucheka, Hooyo. Kuna kikatuni."

"Alicheka vipi?"

Nilijua kicheko cha Yahye, nilikua nacho chumba kimoja. Nikafungua kinywa ili nimchekee mama yangu kicheko cha mwanawe, hapo hapo katikati ya matanga, na kikatoka changu.